Loulu, Mti wa Upepeo wa Visiwa vya Hawaii

Leo twaanza kwa kitendawili, kama ilivyo desturi ya wazee wetu wakati wa jioni. Kitendawili! Bila shaka mmejibu, Tega. Basi: Msitu mkubwa ulikwisha, wala shoka halikuugusa, aliyeumaliza ni nani? Wengine watasema moto, wengine ukame, wengine upepo wa dhoruba. Hayo ni majibu ya watu wenye akili, lakini silo jibu letu. Msikimbilie kutoa mji; sikilizeni kwanza habari za msitu wenyewe, nalo jibu litakuja mahali pake.

Katikati ya bahari kuu ya Pasifiki kuna safu ya visiwa iitwayo Hawaii. Visiwa vikubwa ni vinane, navyo ni Niihau, Kauai, Oahu, Molokai, Lanai, Kahoolawe, Maui, na Hawaii yenyewe, kisiwa kikubwa kupita vyote, kilichoipa safu nzima jina lake. Kupita hapo safu huendelea kuelekea kaskazini-magharibi kwa visiwa vidogo na miamba, hata urefu wake wote ukafika yapata maili 1,500. Nchi ya bara iliyo karibu, yaani California katika Marekani, iko umbali wa maili 2,400 hivi, safari isiyopungua sana ile ya kutoka Mombasa mpaka Mumbai, wala njiani hapana kisiwa cha kupumzikia. Zamani watu wa huko walikuwa na wafalme wao wenyewe. Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893, Marekani ikavitwaa visiwa mwaka 1898, na tangu mwaka 1959 ni jimbo la Marekani. Wanafunzi wetu hawataona taabu kuyasoma majina ya huko, maana kila silabi ya Kihawaii huishia kwa irabu, kama ilivyo desturi ya Kiswahili, ijapokuwa lugha hizi mbili si ndugu.

Visiwa hivyo vyote vilizaliwa na moto. Chini ya bahari mna mahali ambapo mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka ndani ya ardhi, nayo yakipoa hujirundika, hata yakatokeza juu ya maji. Na kwa kuwa sakafu ya bahari husogea polepole mno kuelekea kaskazini-magharibi, kila kisiwa kikiisha kujengwa huchukuliwa mbali na moto wake, na kingine huanza nyuma yake. Kwa sababu hiyo Kauai una umri wa yapata miaka milioni tano, hali kisiwa cha Hawaii hakijapita milioni moja, na mlima wake Kilauea hutoa moto hata katika miaka yetu hii.

Tumeyaeleza haya kwa sababu ndiyo mzizi wa habari yetu. Nchi iliyotoka chini ya bahari haikupata kushikana na bara. Kila mmea uliomo na kila mnyama aliyemo ilimpasa kufika kwa maji, au kwa upepo, au kwa mabawa. Ndiyo maana, kabla ya watu kufika, hapakuwa na mnyama wa miguu minne katika misitu ya Hawaii. Hapakuwa na mbuzi, wala nguruwe, wala ng'ombe, wala panya. Popo alikuwako, kwani huruka. Na sili alikuwako pwani, kwani huogelea. Wengine wote walikuwa ndege, wadudu, na konokono.

Mtu wa pwani akisikia habari za visiwa vya Pasifiki, mara huuona mnazi moyoni mwake. Lakini mnazi si mwenyeji wa Hawaii. Uliletwa na watu katika mitumbwi yao, nao huuita niu. Katika jamaa yote kubwa ya minazi, mitende, mikindu na mivumo, ni jamii moja tu iliyofika Hawaii bila msaada wa mtu na kufanya makao huko, na wenyeji huiita loulu.

Ili tuuelewe mti huu, na tuitazame kwanza miti yetu tunayoijua. Jani la mnazi, na la mtende, na la mkindu, limefanywa kama unyoya wa ndege: pana upongoo mrefu katikati, na vijani vimepangwa huku na huku. Lakini jani la mvumo na la mkoma halikufanywa hivyo. Hilo ni kama kiganja cha mkono kilichokunjuliwa vidole, au kama upepeo. Mikunjo yote yatoka mahali pamoja na kutawanyika. Loulu ni wa namna hii ya pili. Ukiuona kwa mbali wadhani ni ndugu wa mvumo wetu. Ila shina lake ni jembamba zaidi, na mkono wa jani hauna miiba. Waliopata kushika mkono wa jani la mvumo au la mkoma wajua jinsi miiba yake ikatavyo kama msumeno. Mkono wa loulu ni laini, nao huingia ndani ya jani lenyewe kama ubavu, na upande wa chini wa jani aghalabu mna manyoya laini. Maua hutoka kati ya majani katika vikonyo virefu, na matunda ni mviringo, mengine madogo kama zabibu, mengine makubwa kama ndimu, nayo yakiiva huwa meusi au ya rangi ya kahawia. Ndani ya kila tunda mna mbegu moja ngumu.

Loulu si wa namna moja. Wataalamu wa mimea wamehesabu namna zaidi ya 20 katika Hawaii peke yake, na karibu zote haziko mahali pengine po pote duniani isipokuwa hapo. Aghalabu kila namna ina kisiwa chake, na ndani ya kisiwa ina bonde lake au mlima wake. Katika Kauai, juu ya mlima Waialeale, ambako mvua ya mwaka mmoja hufika yapata inchi 400, umo loulu wa mahali pa maji na ukungu. Na katika mabonde makavu ya visiwa hivyo hivyo mna loulu wengine wavumiliao jua. Kuna wafupi ambao mtu aweza kuyafikia majani yao kwa ngazi, na kuna wa nchi ya Kona, katika kisiwa cha Hawaii, ambao husimama futi 100 na zaidi. Sababu yake si ngumu kueleza. Mbegu chache zilifika zamani sana, kwa mawimbi au kwa ndege. Watoto wao wakatawanyika kisiwa hata kisiwa, na kila kundi, likiisha kutengwa na wenzake kwa bahari au kwa jabali, likageuka kidogo kidogo kwa muda wa maelfu ya vizazi, kufuata mvua na udongo wa mahali pake.

Katika vitabu vya wataalamu jamii hii huitwa Pritchardia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1862, kwa heshima ya Bwana William Thomas Pritchard, aliyekuwa balozi wa Uingereza katika visiwa vya Fiji. Maana Fiji na Tonga na visiwa vingine vichache vya Pasifiki pia vina miti ya jamii hii, ila namna nyingi ziko Hawaii. Lakini jina la wenyeji lapendeza zaidi, kwani lina maana ndani yake. Neno loulu katika Kihawaii ni mwavuli pia, kwa kuwa zamani mtu aliyekutwa na mvua au jua kali njiani alikata jani moja na kujifunika kichwa.

Wahawaii waliutumia mti huu kwa mambo mengi. Kwa majani yake waliezeka, kama sisi tuezekavyo kwa makuti, na kusuka pepeo za kujipepea. Shina lake gumu lilitoa mikuki. Matunda waliyaita hawane, nao waliyachuma yangali machanga, katika hali ile ambayo sisi, kama ingekuwa nazi, tungeyaita madafu. Wakayamenya na kula nyama ya ndani, na waliopata kuyaonja husema ladha yake yafanana na nazi. Baadaye, katika karne ya kumi na tisa, wageni walipoleta desturi ya kuvaa kofia, wanawake wa Hawaii walijifunza kuzisuka kwa majani machanga ya loulu, yaliyoanikwa na kuchanwa, kwa ustadi ambao mama zetu wasukao mikeka ya ukindu wangeutambua mara moja.

Sasa tumekaribia kitendawili chetu. Watu wa kwanza walifika Hawaii yapata miaka 800 hadi 1,000 iliyopita. Walikuwa mabaharia hodari kupita kiasi, waliosafiri maelfu ya maili kwa kuzitazama nyota, katika mitumbwi mikubwa iliyounganishwa miwili miwili. Na mitumbwi yao midogo ya kuvulia samaki ilikuwa na matengo ubavuni, mfano wa ngalawa zetu. Walichukua kila kitu cha kuanzia maisha mapya: viazi, ndizi, muwa, minazi, kuku, mbwa na nguruwe. Na pamoja na hivyo alifika mgeni mwingine, mdogo, ambaye pengine hakualikwa na mtu: panya mdogo wa Pasifiki.

Huyo ndiye jibu la kitendawili.

Huenda baadhi yenu mtacheka. Msitu umalizwe na panya! Lakini fikirini jambo hili. Panya aliposhuka pwani alikuta nchi isiyo na paka, wala chui, wala nyoka wa kumwinda, na chini ya kila mti mna chakula kilichoanguka bila mlinzi. Loulu ulikuwa umekaa miaka isiyohesabika bila kumjua mnyama mwenye meno ya kutafuna mbegu ngumu. Naye panya hakungoja tunda lianguke. Alipanda juu akalila lingali kijani kichaleni. Akala, akazaa, na watoto wake wakala na kuzaa, wakaenea mabondeni mbele ya watu wenyewe.

Mtu aweza kuuliza, twajuaje mambo yaliyotendeka wakati hapakuwa na mwandishi? Jibu lake li katika matope. Kila mwaka miti hutoa unga wa maua, na unga huo huchukuliwa na upepo na kuanguka kila mahali. Ule uangukao ziwani huzama, na matope ya mwaka wa pili huufunika, na ya mwaka wa tatu hufunika yale ya pili. Hivyo matope ya ziwa huwa kama kitabu chenye kurasa zilizolaliana, ukurasa wa zamani chini na wa sasa juu. Unga wa kila namna ya mti una umbo lake, nao huonekana kwa darubini. Katika uwanda wa Ewa, katika kisiwa cha Oahu, wataalamu walitoboa matope ya kidimbwi kimoja kiitwacho Ordy na kuzisoma kurasa hizo. Waliona ya kuwa zamani uwanda ule, ambao leo una nyumba na barabara na vichaka vya kigeni, ulikuwa msitu, na mti mmojawapo mkuu wa msitu huo ulikuwa loulu. Kisha, tangu yapata mwaka 1000 baada ya Kristo, unga wa loulu waanza kupungua, na kufikia mwaka 1400 ni kama umetoweka. Na jambo la ajabu ni hili: mifupa ya panya yaonekana katika uwanda huo mapema, na msitu waanza kuanguka kabla hapajawa na dalili za mashamba na moto wa watu mahali pale. Hatusemi kwamba watu hawakukata miti wala kuchoma moto. Walifanya hivyo baadaye, kama watu wote walimao. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kuanzwa na meno madogo.

Wazee wetu husema, Bandu bandu huisha gogo. Hapa gogo lenyewe halikuguswa, na hilo ndilo lililo gumu kuonekana kwa macho. Mti mkubwa wa loulu hauumizwi na panya. Huendelea kusimama, na kutoa majani, na kuchanua, na kuzaa kila mwaka. Apitaye njiani husema, Tazama msitu mzuri. Lakini ukiinama na kutazama chini, huoni mche hata mmoja. Msitu wa namna hii ni kama kijiji chenye wazee tu. Nyumba zimo, moshi wapanda, salamu zasikika barazani, wala hakuna msiba. Lakini shule haina mtoto. Sisi tulio walimu twaelewa vema kijiji kama hicho kitakuwaje baada ya miaka hamsini. Mzee mmoja atafariki, na mwingine, na siku ya mwisho watu watasema kijiji kimekufa ghafula, hali kwa kweli kilikufa siku ile watoto walipokoma kuzaliwa.

Baada ya panya huyo wa kwanza walifuata adui wengine. Nahodha James Cook wa Uingereza alipofika mwaka 1778 aliacha mbuzi katika kisiwa cha Niihau, na mwaka 1793 Nahodha George Vancouver alileta ng'ombe. Wanyama hao waliongezeka, wakaingia misituni, wakala ile miche michache iliyomponyoka panya; nao nguruwe wa mwitu walichimbua ardhi. Tena katika karne ya kumi na tisa merikebu zilileta panya wakubwa zaidi, na mmoja wao, panya mweusi wa melini, ni mpandaji hodari kupita yule wa kwanza. Wenye minazi wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa habari zake.

Basi, je, loulu wote walikwisha? La. Na mahali waliposalia ndipo panapothibitisha jibu letu. Mbali upande wa kaskazini-magharibi, maili 150 hivi kutoka Kauai, kuna kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Nihoa. Eneo lake ni kama eka 170 tu, na pande zake nyingi ni majabali yaliyosimama wima juu ya bahari, hata kutia nanga huko ni kazi ya hatari. Hapo zamani watu waliishi, maana kuta za mawe na matuta ya mashamba yao yako hata leo, kisha wakaondoka. Lakini panya hawamo Nihoa. Na katika mabonde yake mawili, katika udongo haba na upepo wenye chumvi, wamesimama mamia ya loulu wa namna ya peke yake, wakubwa kwa wadogo, wazee pamoja na watoto wao. Mwaka 1885 Liliuokalani, binti wa nyumba ya kifalme ambaye baadaye alikuwa malkia wa mwisho wa Hawaii, alikizuru kisiwa hicho pamoja na watu wengi, na kwa bahati mbaya moto ukawaka ukaunguza majani. Walakini loulu waliokoka, nao wapo hata sasa.

Ushahidi wa pili uko karibu na Molokai. Baharini, mbele ya majabali ya kaskazini ya kisiwa hicho, umesimama mwamba mrefu uitwao Huelo, kama mnara uliozungukwa na mawimbi. Juu yake panya hawakufika. Nao mwamba huo umevikwa loulu wamesongamana kama nywele kichwani, wakati ambapo katika Molokai yenyewe, ng'ambo ya maji machache, loulu wa mwituni ni adimu. Udongo wa mwamba si bora kuliko wa kisiwani, wala mvua yake haizidi. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba mbegu iangukayo pale huachwa iote.

Kwingineko hesabu zahuzunisha. Loulu mmoja wa Molokai, aitwaye munroi, alijulikana porini kwa mti mmoja au miwili tu. Wale warefu wa Kona walipopewa jina mwaka 1985, miti iliyojulikana ilikuwa kumi na kidogo, nayo imesimama katika malisho ya ng'ombe na pembezoni mwa mashamba. Katika Kauai mna namna iitwayo viscosa, ambayo miti yake ya mwituni haipati kumi. Na mtu mwenye watoto wachache ana hofu nyingi. Tarehe 11 Septemba, 1992, kimbunga kiitwacho Iniki kilikipiga kisiwa cha Kauai, kikang'oa miti na kuezua nyumba kila upande. Msitu wenye miti elfu hupoteza mia ukapona. Lakini penye miti minane, usiku mmoja waweza kufunga kitabu chote.

Hata hivyo hatukuwaita tuje kulia matanga. Katika Oahu kuna mlima Kaala, mrefu kupita yote ya kisiwa hicho, futi 4,000 na zaidi, na katika milima ile huota loulu aitwaye kaalae. Katika mgongo wa mlima uitwao Ohikilolo palikuwa na kundi la miti mikubwa iliyozaa kila mwaka, na chini yake miche karibu haikuwapo kabisa. Mnamo miaka ya mwisho ya karne ya ishirini watunzaji wa misitu walifanya mambo mawili yasiyo ya ajabu. Waliwaondoa mbuzi na kuweka ua ili wasirudi, kisha wakaweka mitego na sumu ya panya kuizunguka miti. Walingoja. Na matunda, yakiisha kuachwa yaive, yalianguka, yakaota, na chini ya miti ile mikubwa wakaonekana watoto kwa mamia. Miti ilikuwa haijakuwa tasa hata siku moja. Ilikuwa ikizaa, na wana wao wakiibiwa.

Kazi hiyo haina mwisho wa haraka, kwani mitego ikiachwa panya hurudi. Kwa hiyo wataalamu hutunza pia loulu katika bustani, kama ile ya Lyon katika bonde la Manoa, Oahu, iliyoanzishwa mwaka 1918, na bustani za taifa za mimea ya nchi za joto katika Kauai. Lakini hata bustanini lazima pawe na hadhari. Loulu wa namna mbalimbali wakipandwa karibu karibu huchanganya unga wao, na mbegu zao huwa chotara; hivyo mtu aweza kudhani ameokoa namna ya Molokai, kumbe amepata mti usio wa Molokai wala wa Kauai. Tena mwezi wa Desemba 2013 aligunduliwa katika Oahu mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, atokaye Asia, ndugu wa yule atoboaye vilele vya minazi yetu ya pwani. Mdudu huyo hutoboa minazi na loulu vilevile, naye tangu hapo ameonekana katika visiwa vingine vya Hawaii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa huko sasa wajenga ukuta na kuziba nyufa siku moja.

Twamalizia kwa neno moja kwa wanafunzi wetu na kwa wazee wa vijiji. Tumezoea kuupima msitu kwa kutazama juu. Twahesabu magogo, twasifu kivuli, na tukiona shoka twapiga kelele. Na ni vema tufanye hivyo. Lakini habari ya loulu yatufundisha kutazama chini pia. Jumamosi moja mwalimu na wanafunzi wake waende mpaka penye mivumo, au mikoma, au mvule, au mti wo wote wa asili ulio karibu na shule, wahesabu miti mikubwa, kisha wainame na kuhesabu miche iliyo chini yake na kandokando. Waandike hesabu zote mbili daftarini, na mwaka ujao waende tena. Wakiona watoto wengi wa kila kimo, washukuru. Wakiona wazee peke yao, wasingoje mpaka mti wa mwisho uanguke ndipo waulize. Waulize siku ile ile: Nani anazila mbegu? Nani anaikanyaga miche? Ni mbuzi wetu, au moto wetu wa kila mwaka, au ni sisi wenyewe tuokotao kila tunda bila kubakiza? Hapo watakuwa na nafasi ya kufanya neno, maana kuulinda mche kwa ua wa miiba ni kazi ya asubuhi moja, lakini kuurudisha msitu uliokwisha ni kazi ambayo hata wajukuu hawataimaliza.

Basi kitendawili chetu kimeteguliwa, na mji hamkuutoa. Mkikitega jioni hii kwa wenzenu, msiwaambie jibu upesi. Waacheni watafute kwanza, kisha waelezeni habari za mwamba wa Huelo, na panya asiyeweza kuvuka mawimbi. Kwaherini, mpaka mazungumzo mengine.